Gitare: namna ya kutafuta kipande kipya kilicho kigumu



Siku moja ya posho, saa za jioni, nilikuwa nimeketi nyuma ya klase na gitare ya shule. Watoto wa mwaka wa kwanza walikuwa wamenizunguka. Nilipiga na kuimba nyimbo kama nane hivi, na kwa kweli nilikuwa najiona mtu mkubwa. Halafu mmoja wao, mdogo kuliko wote, akaniuliza bila ubaya wowote: «Yaya, lakini miimbo yako yote iko moja tu, ju ya nini?» Wenzake wakacheka. Mimi pia nikacheka, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Sikulala kwa sababu mtoto alisema kweli. Nyimbo zote nane nilizipiga kwa do, fa na sol, mkono wa kuume ukienda chini na juu, chini na juu, kama mtu anayefagia kiwanja. Nilijua maneno ya nyimbo thelathini, lakini mkono wangu ulijua kipande kimoja. Miaka mitatu ya gitare, na mkono ulikuwa bado mwaka wa kwanza pamoja na wale watoto!

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta vipande vipya, vile vinavyousumbua mkono. Nimeona kwamba kutafuta kwenyewe ni kazi. Hapa Piana-Mwanga hatuna duka la vitabu vya muziki. Mtu akienda Kalemie tunamtuma kamba, na mara nyingine anarudi na kamba mbili za mi na hakuna hata moja ya re. Mimi mwenyewe nilinunua sokoni kitabu kidogo cha akordi cha fotokopi; nusu ya picha za vidole zilikuwa za uongo, na nikamaliza likizo nzima nikijifunza sol ambayo haikuwa sol. Lakini vipande viko. Viko karibu kuliko tunavyofikiri, na vingine vilitengenezwa na watu wa kwetu, kwa Kiswahili, kwa gitare moja tu isiyo na umeme. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti hili nieleze nilivyofanya, hata na mahali nilipokosea.

Kwanza tuelewane juu ya neno hili «kigumu». Wengi wetu tunafikiri kipande kigumu ni kipande cha mbio. Tunamsikia mpiga solo wa sebene, vidole vinakimbia kama panya, na tunasema: huyu njo fundi. Lakini mbio ni kitu kinachokuja nyuma, chenyewe. Kipande kigumu ni kile ambacho hata ukikipiga polepole, kama mama anayetembea na ndoo ya maji kichwani, mkono unakataa. Kuna kitu ndani yake ambacho vidole havijafanya hata siku moja: labda gumba kutembea peke yake bila kuwafuata wenzake, labda akordi kubadilika kila neno, labda kuacha basi ilie wakati sauti ya juu inaendelea mbele.

Na kitu hicho kiwe kimoja. Hapa ndipo nilikosea mwanzoni. Nilichukua kipande chenye mambo matano mapya kwa mara moja, nikahangaika mwezi mzima, nikaacha, nikasema sina kipaji. Ni sawa na hesabu. Mwalimu anatupa kwanza zoezi lenye x peke yake. Akitupa x, y na z siku ya kwanza, tunafunga daftari na kutazama dirishani. Sasa hii ninatumia kipimo cha siku tatu. Nachukua mstari mmoja tu wa kipande, ule ninaouona mbaya zaidi, naupiga polepole siku tatu. Kama siku ya kwanza tayari umeingia, kipande hiki hakitanifundisha kitu, nitakipiga kwa furaha tu. Kama siku ya tatu ninaupita mstari bila kusimama, hata kwa kuchechemea, basi ni saizi yangu. Kama siku ya tatu hakuna hata dalili, ninaandika jina lake nyuma ya daftari na kukingojea mwaka ujao. Si aibu. Nyuma ya daftari yangu kuna majina tisa.

Mahali pa kwanza pa kutafuta pako mikononi mwetu kila asubuhi: nyimbo za korali zilizoandikwa kwa solfa. Mnaona vile mwalimu wa korali anavyoandika ubaoni mistari minne, soprano, alto, teno na basi, d r m f s l t. Sisi wapiga gitare tunaimba mistari ile, halafu tukishika gitare tunaisahau yote na kurudi kwa akordi zetu tatu. Lakini tazameni vizuri mstari wa basi. Hausimami mahali pamoja. Karibu kila neno unapanda au unashuka, na akordi inabadilika nao. Wimbo ambao umeuimba tangu utoto, ukiupiga kama ulivyoandikwa, ni kipande kipya kabisa na kigumu.

Usichukue mistari minne kwa mara moja. Chukua miwili: basi kwa gumba, soprano kwa vidole. Kwa kuwa do ya solfa haina mahali pake pa lazima, wewe mwenyewe unachagua mahali pa kuiweka, na hapo kuna siri ndogo. Iweke do kwenye la, kamba ya tano isiyoshikwa. Hapo fa ya solfa inaangukia kamba ya nne, na sol inaangukia kamba ya sita, zote zikiwa wazi. Yaani zile nota tatu ambazo basi inazipenda kuliko zote hazihitaji hata kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Mkono unabaki huru kwa kutafuta soprano, ambayo utaianzia kamba ya tatu, chumba cha pili (naita chumba ile nafasi kati ya chuma na chuma kwenye shingo ya gitare). Lakini ngojea basi ishuke kwenye la au ipande kwenye mi ya solfa: ya kwanza iko kamba ya sita chumba cha pili, nyingine kamba ya tano chumba cha nne. Ndipo jasho linaanza, maana kidole kinachotakiwa chini kiko tayari na kazi juu.

Wimbo wangu wa kwanza wa namna hii ulikuwa na mistari minne tu. Ulinichukua majuma matatu. Faida yake ni kwamba sikio linaujua wimbo mbele ya mkono, kwa hiyo ukikosea huhitaji mwalimu. Unasikia mwenyewe, na jirani yako wa kitanda anasikia pia na anakuambia. Alto unaweza kuiongeza baadaye pale inapowezekana. Teno iache. Kamba ni sita lakini vidole vya kushoto vinavyoshika ni vinne.

Kuna kitu kimoja ambacho nyimbo hizi hazifundishi. Nota zote zinaanguka pamoja, kama askari wanaopiga hatua. Gumba na vidole havijifunzi kuachana. Kwa jambo hilo inatupasa kwenda kwa Bosco.

Najua wazazi wetu wanalijua jina hili, lakini katika klase yetu niliuliza, na wawili tu ndio walijua, na mmoja alifikiri ni padri. Jean Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, kwa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Kijana wa miaka kama ishirini na miwili, anapiga gitare barabarani. Tracey akamrekodi palepale mjini. Kati ya nyimbo zile ulikuwemo Masanga. Sahani za wakati ule zilibeba kama dakika tatu upande mmoja, basi, na dakika zile tatu zikavuka mipaka. Kwa kuwa aliimba Kiswahili, watu wa Kenya na Tanganyika walimsikia kama mtu wa kwao, na wapiga gitare wengi wa kule walianza kumfuata. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari.

Sasa sikilizeni ubaya wa jambo. Mwaka 1979 John Low alitoka Uingereza mpaka Lubumbashi kumtafuta Mwenda, na Edouard Masengo, na Losta Abelo, akakaa chini mbele yao na gitare yake ili ajifunze vipande vyao. Mwaka 1982 kikatoka kitabu chake juu ya safari ile, Shaba Diary. Mwaka 1990 Elijah Wald alitoka Marekani kwa kazi hiyohiyo. Kabla yao, miaka ya 1961 na 1962, David Rycroft alikuwa ameandika katika jarida la African Music namna Mwenda anavyopiga, nota kwa nota, kutoka kwenye sahani. Siwalaumu watu hawa, kinyume chake. Wametuhifadhia. Ninachosema ni kwamba watu walipanda ndege ili wapate kipande kigumu kutoka Katanga, na sisi tulio Tanganyika, ambayo mpaka mwaka 2015 ilikuwa ndani ya Katanga ileile, tunalia kwamba hakuna kipande cha kujifunza.

Ukitaka kutafuta rekodi zake kwa telefone, au kwa mtu anayejaza nyimbo kwenye kadi sokoni, jua majina. Kuna rekodi zilizoandikwa Mwenda Jean Bosco, nyingine Jean Bosco Mwenda, na nyingine Mwenda wa Bayeke, maana miaka ya 1970 majina ya Kizungu yalikatazwa Zaire. Ni mtu mmoja. Miji nayo ni vilevile: Jadotville ni Likasi, Elisabethville ni Lubumbashi. Na Katanga yenyewe iliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Mimi nilipoteza siku nyingi kwa kutafuta jina moja tu.

Ukisikiliza Masanga mara ya kwanza utasema hapa kuna gitare mbili. Hapana, ni moja, na zaidi ya hapo ni vidole viwili tu vya mkono wa kuume: gumba na kile kidole cha kuonyeshea. Hapo nilishangaa. Mimi nilikuwa nimejifunza kutumia vidole vinne, nikajivuna navyo, na sasa kipande kinanidai viwili. Nikasema nitadanganya, nitaongeza cha kati. Nota zilitoka zote, lakini haikuwa Masanga. Sababu ni kwamba gumba linashuka kwa uzito na kidole kinapanda kwa wepesi, na ule uzito na wepesi unaofuatana ndio unaofanya wimbo utembee. Ukiongeza kidole cha tatu, nota zinakuwa sawasawa zote, na wimbo unalala.

Akordi hazitakuua. Unapigwa katika do, na akordi zake ni zilezile do, fa na sol ambazo nilicheka nazo pale mwanzoni. Ndiyo maana nasema kiwe kigumu kwa kitu kimoja: mkono wa kushoto uko nyumbani, wa kuume uko ugenini.

Nilivyoingia ni hivi. Kwanza sikushika gitare. Nilisikiliza mpaka nikaweza kuimba sauti ya gumba peke yake kwa mdomo, dum, dum, nikienda kuchota maji. Pili nilitia gitare yangu sawa na rekodi, siyo rekodi sawa na gitare. Rekodi za zamani mara nyingi hazianguki penyewe kwenye do ya sasa, ziko katikati, na mtu asiyejua hilo atafikiri sikio lake ni bovu. Kama rekodi iko juu sana, funga kipande cha kalamu ya mbao kwenye shingo kwa mpira wa kinga, ukibana kamba zote sita. Ni chombo cha maskini lakini kinashika.

Tatu, niliipunguza mbio. Siku za kaseti wakubwa zetu walitumia pile zilizochoka: redio inavuta polepole, lakini sauti nayo inashuka, Bosco anakuwa na sauti ya dubwana. Leo telefone nyingi zina programu inayopunguza mbio mpaka nusu na sauti inabaki mahali pake. Unachagua sekunde tano, unazirudia na kuzirudia. Mimi telefone siyo yangu, ni ya yaya, na inatiwa umeme na sola, kwa hiyo siku za mawingu nilipiga kutoka kichwani. Nafikiri siku zile za mawingu zilinifaa kuliko nyingine.

Nne, gumba peke yake. Shika akordi ya do. Gumba lipige kamba ya tano, halafu ya nne, tena ya tano, tena ya nne, bila haraka na bila kusimama, mpaka uweze kumjibu mtu anayekuuliza saa ngapi na gumba halijasimama. Hapo tu ndipo kidole cha kuonyeshea kinaingia, kwenye kamba ya pili na ya kwanza, na kinaingia katikati ya mapigo ya gumba, siyo juu yake. (Zoezi hili siyo Masanga wenyewe, ni mlango wake.) Kila mtu niliyemwonyesha alifanya kosa lilelile: kidole kikiingia, gumba linasimama kumtazama, kama mtu anayepisha mgeni. Dawa niliyoipata ni kukaa wawili na gitare moja: mwenzako anapiga gumba, wewe unapiga kidole, halafu mnabadilishana. Baada ya juma moja rudi peke yako. Utasikia kama mwenzako bado yuko pale.

Kwa njia hiyo, baada ya miezi miwili, nilikuwa na Masanga wangu, angalau sehemu ya mwanzo. Nikaupiga kwa fahari karibu na nyumba ya mzee mmoja ambaye ujanani alifanya kazi ya reli. Alitoka, akasimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho. Nikangojea sifa. Akasema: «We mutoto, Bosco hakupigaka vile. Gumba yako inalala.»

«Inalala namna gani, baba?»

«Inangojea kidole. Ya Bosco haikukuwa inangojea mutu. Ilikuwa inatembea tu, sawa treni. Weye ukichelewa, inakuacha ku gare.»

Alirudi ndani. Mzee huyu hajashika gitare maisha yake yote, lakini alikuwa na sikio la mtu aliyecheza dansi kwa sahani zile. Nilirudia zoezi la gumba kwa juma lingine zima. Kwa hiyo nawaambia: mkiwa na mzee wa namna hiyo karibu, mpigieni. Hataweza kukuonyesha chumba cha ngapi, lakini atakuambia kitu ambacho telefone haisemi.

Jambo lingine kuhusu Bosco ambalo lilinichanganya: nilipata rekodi mbili za Masanga, na hazifanani. Nilifikiri moja ni ya mtu mwingine. Siyo. Hakupiga kipande kama shairi lililokaririwa. Alikuwa na miendo kadhaa ya vidole, na kila mara aliipanga upya, akirefusha huu na kufupisha ule. Rycroft aliandika neno hili hata katika jina la makala yake. Maana yake kwetu ni kwamba ukishajua miendo mitatu ya Masanga, wa nne unaweza kuutafuta mwenyewe ndani ya akordi zilezile, na hapo umepata kipande kigumu ambacho hakuna mtu mwingine anacho. Wangu wa nne bado una kasoro, lakini naupenda.

Baada ya Bosco mlango umefunguka. Edouard Masengo anafuata njia ya karibu na hiyo. Losta Abelo pia. Ukivuka mpaka kuna George Mukabi wa Kenya, aliyefariki mwaka 1963. Mchezo wake wa gumba na kidole unaitwa omutibo kule kwa Waluyia, na mwenye Masanga mkononi atausikia kama lugha ya jirani: maneno mengi anayaelewa, mengine yanamkwaza.

Vyanzo vingine nitavitaja haraka. Likembe: ukimpata mtu anayelipiga, mwombe apige polepole, tazama magumba yake mawili, halafu jaribu kugawa kazi ile kati ya gumba na kidole. Ni ngumu sana lakini haihitaji kadi wala umeme. Sebene: sikilizeni solo za Nico Kasanda, yule «Docteur Nico» aliyepiga solo ya Indépendance Cha Cha mwaka 1960, kwa sababu anaimba kwa kamba na hafanyi kelele. Lakini mjue kwamba katika orkestre gitare ni tatu au zaidi, solo, mi-solo na akompa, na ukichukua sauti moja peke yake itasikika kama mtu anayejibu simu na wewe humsikii wa upande mwingine. Afadhali wawili wajifunze pamoja.

Na kwa wale wachache wanaosoma nota za mistari mitano, kuna Matteo Carcassi, Mwitalia aliyefariki mwaka 1853. Masomo yake 25, opusi ya 60, yamewekwa kwa mpango, kila moja na shida yake, na kwa kuwa ni ya zamani hivyo, unaweza kuyachukua kwenye intaneti bila kumwibia mtu. Kuna mwenzetu alitaka kuanzia Recuerdos de la Alhambra ya Francisco Tárrega, kwa sababu aliisikia ikitetemeka kama maji ya ziwa. Katika kipande kile gumba linapiga mara moja, na vidole vitatu vinafuatana haraka juu ya kamba moja, tena na tena mpaka mwisho. Alijaribu siku tatu za kipimo. Jina liko nyuma ya daftari yake.

Juu ya kamba: ile ya kwanza ikikatika, wengine wanaweka uzi mmoja wa freni ya kinga. Unalia, lakini unakata kidole na unakula vyuma vya shingo. Kwa gitare yako fanya utakavyo. Kwa gitare ya shule, tafadhali hapana.

Na kwa kuwa wengine wameniuliza kama ni halali gitare ya korali kupiga Masanga: nilimwendea mwalimu wa korali mwenyewe. Alisema saa za mazoezi ni za korali, na baada ya saa hizo, mwenye kutaka kujifunza ajifunze, mradi airudishe na kamba sita. Kisha akaniomba nimwonyeshe lile gumba. Sasa anautumia mwendo ule katika wimbo mmoja wa Jumapili, na waimbaji wa teno wanalalamika kwamba unawapotosha.

Nimeandika miendo mitatu ya Masanga katika daftari, kwa kuchora kamba sita na namba za vyumba. Daftari liko kwa mwalimu wa korali. Anayetaka anakili kwa mkono wake, alirudishe siku ileile. Yule mtoto wa mwaka wa kwanza amekwisha kunakili. Gumba lake bado linasimama kidole kikiingia, lakini ameniambia nisimsaidie kwanza.

Mpiga gitare mmoja wa mwaka wa mwisho